Mwanamaji wa Wapakoneta

Tarehe 14 Septemba 2012, manowari ya Marekani iitwayo USS Philippine Sea, ambayo wakati huo makao yake yalikuwa Mayport, Florida, ilikuwa ndani ya Atlantiki kwa ajili ya mazishi. Mabaharia walijipanga kwenye sitaha, wengi wao vijana waliozaliwa muda mrefu baada ya marehemu kupata umaarufu wake. Dua ikasomwa, risasi za heshima zikapigwa hewani, bendera ikakunjwa pembetatu na kukabidhiwa mjane, na majivu yakashushwa majini. Aliyezikwa hivyo alikuwa Neil Armstrong, rubani wa zamani wa jeshi la majini, mzaliwa wa Wapakoneta katika jimbo la Ohio, mji mdogo uliozungukwa na mashamba, usioona bahari hata kwa darubini.

Najua msomaji anamjua kwa jambo jingine. Jambo hilo tutalifikia, ila halitakaa sana, maana limeshaandikwa na kila mwenye kalamu.

Kwetu pwani, maiti kuzikwa baharini si jambo la kushangaza. Majahazi ya msimu yalipokuwa yakisafiri kati ya Maskati, Lamu na Unguja, aliyefia njiani mbali na nchi kavu alioshwa, akakafiniwa, akaswaliwa, akatoswa. Lakini hiyo ilikuwa dharura; mwenye uwezo wa kufika bandarini alizikwa udongoni. Wamarekani wameifanya kuwa haki anayoweza kuiomba kila mtu aliyetumikia jeshi lao la majini na kuondoka kwa heshima. Mpishi wa meli anaweza kuiomba, fundi wa mitambo anaweza kuiomba. Kwa kawaida meli huwa safarini kikazi, hivyo jamaa za marehemu hawapandi. Kamanda hufanya ibada pamoja na mabaharia wake, kisha huwaandikia wafiwa barua ya kuwaeleza siku, saa, na mahali penyewe kwa latitudo na longitudo. Armstrong alifanyiwa tofauti: familia yake ilikuwamo melini. Ibada yenyewe ilifuata taratibu zile zile wanazofanyiwa mabaharia wasiojulikana na mtu.

Mtu mwenye jina kama lake angejengewa kaburi lenye mnara, na watalii wangepanga foleni wapige picha. Sasa hakuna pa kuweka shada la maua wala pa kuuzia soda. Kwa jinsi alivyoishi miaka yake 40 ya mwisho, sidhani kama lilikuwa jambo la bahati tu.

Hakuingia jeshini kwa mapenzi ya bahari. Baba yake alikuwa mkaguzi wa hesabu wa serikali ya jimbo, akihamishwa kila mara kutoka mji hadi mji, na familia ikimfuata, hadi wakatulia Wapakoneta. Mtoto alikuwa na wazimu mmoja tu: ndege. Alifanya vibarua vya dukani ili alipie mafunzo, akapata leseni ya urubani alipotimiza miaka 16, kabla ya kuwa na leseni ya gari. Alitaka kusomea uhandisi wa ndege, na karo ya chuo kikuu ilikuwa nzito. Jeshi la majini wakati huo lilikuwa na mpango wa kuwalipia vijana masomo kwa sharti kwamba wasome miaka miwili, waende kujifunza urubani na kutumikia, kisha warudi kumalizia shahada. Mwaka 1947, akiwa na miaka 17, Armstrong aliingia Chuo Kikuu cha Purdue kwa mlango huo. Januari 1949 akaitwa Pensacola, Florida. Agosti 1950, muda mfupi baada ya kufikisha miaka 20, alikuwa rubani kamili wa jeshi la majini.

Anayetaka kumwelewa mtu huyu na aanze hapo, kwenye sitaha ya meli ya kubeba ndege.

Siku hizo sitaha ya meli ya namna hiyo ilikuwa njia moja iliyonyooka kutoka tezi hadi omo. Upande wa kushoto, huko tezini, alisimama afisa wa ishara akiwa na vibao viwili vya rangi kali mikononi. Rubani aliyekuja kutua alimtazama yeye. Vibao vilimwambia kwamba yuko juu mno, yuko chini mno, ameegemea upande, anakwenda polepole kuliko inavyostahili. Afisa akikata kibao mbele ya koo lake, rubani alizima nguvu ya injini papo hapo. Ndege ikabwagwa kwenye sitaha, na kulabu iliyokuwa mkiani ikadaka mojawapo ya waya zilizotandazwa kukingama njia. Afisa akipunga vibao juu ya kichwa, rubani aliondoka akazunguke aje upya. Hakukuwa na mjadala. Hata kama rubani aliona moyoni kwamba alikuwa amekaa sawasawa, aliondoka. Na aliyekosa waya zote alikwenda kugonga vizuizi, na mbele ya vizuizi kulikuwa na ndege zilizoegeshwa, mafuta, na watu.

Kutua kwenyewe hakukumaliza habari. Afisa wa ishara alikuwa na daftari. Kila ndege iliyoteremka aliiandikia maneno mawili matatu, kisha akashuka kwenye chumba cha marubani na kumsomea kila mmoja makosa yake wenzake wakisikia. Bingwa alisomewa, mwanafunzi alisomewa. Nadhani hapo ndipo kijana yule wa Ohio alipojengwa. Alijifunza mapema kwamba kosa la rubani si siri yake, ni mali ya kikosi kizima, kwa sababu kesho mwingine atapita njia ile ile.

Alipelekwa Korea na kikosi cha VF-51, akirusha ndege ya F9F Panther kutoka kwenye meli USS Essex. Alikuwa miongoni mwa wadogo kabisa kikosini. Siku chache tu baada ya kuanza, tarehe 3 Septemba 1951, alikuwa akishambulia bonde moja magharibi ya bandari ya Wonsan, chini chini, ndege ilipoharibika na bawa lake la kulia likakatwa kipande cha ncha na kebo iliyokuwa imetegwa kukingama bonde. Ndege iliendelea kuruka, ila haikuweza tena kutua salama. Aliiongoza kusini hadi eneo la majeshi ya upande wake, karibu na Pohang, akakusudia kuruka kwa mwavuli juu ya bahari, aokotwe na helikopta za jeshi la majini. Upepo ukamkatalia. Ulimrudisha nchi kavu, akaangukia shambani, na gari la jeshi lililokuja kumchukua lilikuwa likiendeshwa na mtu waliyekuwa wakilala chumba kimoja shule ya urubani. Mambo mengine mtu akiyatunga katika riwaya, mhariri atayafuta.

Wiki mbili hazikupita, tarehe 16 Septemba, ndege nyingine iliyokuwa imeharibika ilijaribu kutua kwenye Essex na kulabu yake haikushuka. Ilivunja vizuizi ikaingia katikati ya zile zilizoegeshwa mbele. Watu saba wakafa kwa moto na mshindo. Armstrong aliendelea kuruka kutoka kwenye sitaha hiyo hiyo hadi akatimiza safari 78 za vita, akaondoka kwenye utumishi wa kudumu Agosti 1952, na kubaki katika jeshi la akiba hadi 1960.

Kuna kisa kimoja cha Korea ambacho hakukitangaza. Mwandishi wa wasifu wake, James R. Hansen, ndiye aliyekiweka wazi. Asubuhi moja Armstrong aliibuka juu ya kilima akawaona chini yake askari wa Korea Kaskazini, safu kwa safu, hawana silaha, wanafanya mazoezi ya viungo. Bunduki zake zilikuwa tayari. Akapita bila kufyatua. Nimekutana na watu wanaokitaja kisa hiki ili kumfanya mtakatifu, nami sioni hivyo. Mtu huyo huyo alikuwa amedondosha mabomu juu ya madaraja na reli za watu hao hao, na angedondosha tena kesho yake. Lakini nakiweka hapa kwa sababu ya namna kilivyokaa. Kilikaa naye nusu karne.

Turudi kwenye daftari la afisa wa ishara. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa na desturi nyingine iliyotoka kwenye roho hiyo hiyo. Tangu mwaka 1943, jarida lao la urubani lilikuwa na mzee wa kuchorwa, mwenye ndevu na hasira, aliyeitwa Grampaw Pettibone. Kazi yake ilikuwa kusimulia ajali zilizotokea kweli na kumfokea rubani aliyesababisha, mara nyingine kwa mzaha mkali. Rubani hakutajwa. Aliyeponea chupuchupu alitoa kisa chake, mwingine akakisoma akiwa kwenye kiti cha chumba cha kungojea zamu, akacheka, na pengine siku moja kicheko hicho kikamwokoa. Marubani wa kizazi cha Armstrong walilelewa na mzee huyo.

Malezi hayo yalionekana baadaye, alipokuwa amevua sare na kuwa mwanaanga. Machi 1966, akiwa na David Scott ndani ya chombo cha anga cha Gemini 8, kimojawapo cha vijiinjini vya kuelekeza chombo kilikwama kikawa hakizimiki. Chombo kikaanza kuzunguka, kikafika mzunguko mmoja kwa sekunde, kiasi kwamba macho yalikuwa yakififia. Armstrong alizima mfumo mzima, akatumia vijiinjini vilivyowekwa akiba kwa ajili ya kurudi duniani, chombo kikatulia, na kanuni ikalazimu safari ikatishwe. Waliangukia Pasifiki na kuokotwa na manowari. Kilichofuata ni siku za kukaa mezani kueleza kila hatua: nini kiliwaka, nini kilizimwa, kwa mpangilio gani.

Mei 1968 alikuwa akifanya mazoezi na mtambo wa ajabu uliotengenezwa kuigiza kutua mwezini, chuma kitupu chenye injini katikati, kisicho na mabawa. Ulimshinda akiwa mita 60 hivi kutoka ardhini. Akajifyatua na kiti, mwavuli ukafunguka, mtambo ukaanguka na kuwaka moto karibu naye. Jeraha lake kubwa lilikuwa la kuuma ulimi. Mwenzake Alan Bean aliporudi kutoka chakula cha mchana alimkuta Armstrong ofisini, mezani kwake, anashughulikia makaratasi. Bean alipotoka akawasikia watu wakizungumzia ajali. Akarudi kumuuliza Armstrong, naye akajibu kwa maneno machache kwamba ndiyo, ilitokea. Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa moyo wa chuma. Mimi naona mtu aliyejua kwamba ajali haijaisha mpaka iandikwe.

Julai 1969, basi. Alipokuwa akiteremsha chombo cha Apollo 11, kompyuta ikitoa maonyo na mafuta yakielekea ukingoni, vipimo vilivyobandikwa mwilini mwake vilionyesha moyo ukipiga takriban mara 150 kwa dakika. Dunia nzima ikaambiwa. Alitua pahali pazuri kidogo kuliko pale kompyuta ilipokuwa ikimpeleka, akafanya kazi aliyotumwa, akarudi. Meli iliyowapokea katika Pasifiki tarehe 24 Julai ilikuwa USS Hornet, ya aina moja na ile Essex aliyopigania vita akiwa na miaka 21. Kisha yeye na wenzake walizungushwa duniani, nchi zaidi ya 20 kwa muda wa wiki tano na ushei. Kinshasa walifika, wakapokewa na Mobutu, na karibu na mwisho wa safari wakafika Seoul. Ningependa sana kujua aliwaza nini Seoul. Sijaona mahali alipolisema.

Maana huyu alikuwa na kimya cha namna mbili, na watu wengi wamevichanganya. Kuhusu mitambo alisema yote. Kuhusu nafsi yake hakusema. Bintiye Karen alifariki tarehe 28 Januari 1962, hajatimiza miaka mitatu, baada ya kuugua uvimbe wa ubongo. Ilikuwa pia siku ya kumbukumbu ya ndoa ya wazazi wake. Baba alirudi kazini kurusha ndege za majaribio, na baadhi ya waliofanya naye kazi kwa miaka hawakuwahi kujua kwamba aliwahi kuwa na binti. Mtu wa nyumba zetu, ambako matanga hukalisha mtaa mzima barazani na mfiwa haachwi peke yake, ataona huo ni ukatili wa kujifanyia mwenyewe. Huenda ni hivyo. Huenda pia ndiyo njia pekee aliyoijua.

Mwaka 1971 aliacha kazi serikalini akawa profesa wa uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, akanunua shamba karibu na mji wa Lebanon, Ohio. Ni hapa alipokuwa mtu wa mtaani kama mstaafu yeyote: ana ng'ombe, ana trekta, anakatwa nywele kwa kinyozi yule yule. Wanafunzi waliojazana dirishani siku za mwanzo walizoea. Watu wa Lebanon wakajua kwamba ukikutana naye dukani unamsalimia unapita. Nadhani ilikuwa adabu tu ya mji mdogo, ambayo haikuandikwa popote.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, akiruka kutoka kwenye lori la nafaka shambani, pete yake ya ndoa ilinasa na kipande cha kidole kikanyofoka. Alikitafuta, akakiweka kwenye barafu, akaenda nacho hospitali; madaktari wa Louisville walikirudishia. Ndiyo, profesa aliyekuwa mtu wa kwanza mwezini alikuwa mkulima aliyebeba kidole chake mwenyewe. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha jinsi alivyokuwa akikabidhi mwili wake kwa mafundi: kwa utulivu, kama mtu anayewapelekea kitu cha kutengenezwa.

Kinyozi ndiye aliyemvunja moyo. Mwaka 2005 ilibainika kwamba alikuwa ameziuza nywele zilizokatwa kwa mkusanyaji wa vitu vya watu mashuhuri, kwa dola 3,000. Armstrong alimtaka azirudishe au fedha hizo azitoe sadaka. Kinyozi akazitoa sadaka. Wakati huo Armstrong alikuwa ameshaacha kutia sahihi kwenye picha na vitabu, tangu 1994, alipoona kwamba sahihi zake zinauzwa na nyingine ni za kughushi. Waandishi walimwita mpweke, mtu wa kujificha. Lakini aliyejificha haalikwi kila mwaka na vyama vya marubani akaenda; yeye alikwenda. Mwaka 2010, akiwa na karibu miaka 80, alizunguka kambi za jeshi huko Mashariki ya Kati pamoja na wanaanga wenzake Jim Lovell na Gene Cernan, wote watatu marubani wa majini, wakapiga soga na askari. Alichokataa ni kuuzwa kwa vipande.

Mwaka 1986 chombo cha Challenger kilipolipuka na kuua watu saba, Rais Reagan aliunda tume ya uchunguzi chini ya William Rogers, na Armstrong akawa makamu mwenyekiti. Tume ilikuta kwamba pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi zilikuwa zimekakamaa kwa baridi, kwamba wahandisi walikuwa wametoa onyo usiku uliotangulia, na kwamba onyo lilizimwa na wakubwa. Ripoti ilichapishwa, kila mtu akaisoma. Hapakuwa na la kusitiri heshima ya idara ya anga iliyomfanya yeye awe maarufu. Mtu wa daftari la sitaha angefanyaje vingine?

Sasa kifo chake.

Mapema Agosti 2012, siku mbili baada ya kutimiza miaka 82, alifanyiwa upasuaji katika hospitali moja karibu na Cincinnati. Mishipa inayolisha moyo ilikuwa imeziba, na madaktari wakaipitishia damu njia mpya. Upasuaji wa aina hii ni mkubwa lakini umezoeleka. Hufanywa kila siku Marekani, na siku hizi hata hospitali kubwa za kwetu huufanya. Marafiki zake waliambiwa anaendelea vizuri. Mgonjwa wa namna hiyo huachiwa nyaya nyembamba zinazounganisha moyo na kifaa cha muda cha kusaidia mapigo, na akipata nafuu nyaya huvutwa nje hapo hapo wodini. Za Armstrong zilipoondolewa, damu ilianza kuvuja ndani ya utando unaouzunguka moyo, na shinikizo la damu likaporomoka. Alipelekwa kwanza kwenye chumba cha kuchunguzia mishipa, ndipo baadaye akapelekwa chumba cha upasuaji. Alifariki Jumamosi, tarehe 25 Agosti.

Mtu wa miaka 82 akifa, waombolezaji husema ameshiba siku, na neno hilo hufunga maswali. Tangazo la familia lilisema ni matatizo yaliyofuata upasuaji wa moyo, na likawaomba watu wakimwona mwezi usiku wamkumbuke. Likapendwa sana. Nami nililipenda. Kwa miaka saba hakuna aliyeuliza zaidi hadharani.

Baadaye kidogo mjane wake, Carol, alikuta kabatini mfuko wa kitambaa cheupe. Akaupigia picha akawapelekea wataalamu wa makumbusho ya taifa ya anga. Walikuta ni mfuko wa Apollo 11, uliokuwa umepangwa uachwe mwezini. Ndani mlikuwa na vifaa vidogo vidogo vya chombo, na miongoni mwavyo kamera iliyopiga filamu ya hatua zake za kwanza. Alikuwa amekaa nao nyumbani zaidi ya miaka 40, hakumwambia hata mwandishi wa wasifu wake. Habari ilitangazwa 2015 na watu wakafurahi. Hicho ndicho kimya chake cha pili, kile cha nafsi, na sioni wa kumlaumu.

Kuhusu hospitali ilikuwa siri ya aina nyingine. Mwaka 2014 hospitali ililipa familia dola milioni 6 kwa makubaliano yaliyowekewa sharti la usiri. Wana wawili wa marehemu walisema matibabu aliyopewa baba yao baada ya damu kuvuja hayakuwa ya kiwango kinachostahili. Hospitali ilitetea kazi yake. Wataalamu walioajiriwa kutoa maoni hawakukubaliana, na swali lao kubwa lilikuwa moja: kwa nini hakupelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji? Mjane hakuchukua sehemu katika fedha hizo.

Sitaki kuwa mwepesi wa kuhukumu. Familia ilikuwa imezika mtu aliyechukia kelele kuliko kitu chochote, na kesi ya hadharani ingeleta kamera mlangoni mwao kwa miaka. Madaktari nao ni watu. Kuamua katika dakika chache kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye dunia nzima inamjua si jambo la kumtakia mtu. Na fedha za fidia hulipwa kila siku kwa sharti la kunyamaza, kwa wafiwa ambao hatutawasikia kamwe. Ningekuwa mtoto wake, huenda ningetia sahihi.

Lakini sikubali kwamba kifo kile kilikuwa mali ya nafsi yake, kama mfuko wa kabatini au msiba wa Karen. Kilikuwa tukio la kazini, kazi ya watu wengine, lenye hatua zinazoweza kuandikwa kwa mpangilio: nini kilivutwa, damu ilianza saa ngapi, nani aliamua chumba kipi. Moyo wake ulipopiga mara 150 kwa dakika akiwa anatua, dunia ilisomewa takwimu. Moyo huo huo uliposimama, makaratasi yalifungwa. Wodi haikuwa na afisa mwenye daftari wa kushuka chumbani na kusoma mbele ya wote, ili mwuguzi wa hospitali nyingine, atakayevuta nyaya kama zile kwa mgonjwa asiyejulikana na mtu, ajue la kufanya shinikizo likianza kushuka. Wapo wanaosema kwamba kumkumbuka marehemu ni kutaja mema yake tu. Kwa mtu huyu naona ni kumpunguza, kwa sababu jema lake kubwa lilikuwa kukubali kusomewa.

Julai 2019 Marekani ilikuwa kwenye sherehe za miaka 50 ya Apollo 11. Wapakoneta kulijaa wageni, makumbusho ya huko yenye paa la kuba yakafurika. Siku hizo gazeti la The New York Times lilipokea kwa posta bahasha yenye kurasa 93 za hati za tiba na za madai. Aliyeituma hakuandika jina. Habari ilitoka tarehe 23 Julai, sherehe zikiwa zimekwisha. Ndani ya bahasha mlikuwa na kikaratasi kisicho na sahihi, na mwandishi wake alisema anatumaini kwamba habari hizo zitaokoa maisha ya watu wengine.